Shem Karenga na Njia ya Kigoma

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nilidhani hapana budi niandike juu ya Mirambo, au juu ya Isike aliyekufa mwaka 1893 asikubali kushikwa na Wajerumani, au juu ya ule mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika hapa Tabora, ambao hata leo tunauita Uamuzi wa Busara. Lakini mambo hayo yana vitabu vyake, na walimu wetu waliyafundisha vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya mwimbaji. Najua wako wazee wenzangu watakaotikisa kichwa na kusema kwamba muziki wa dansi si historia. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kwa maana nina deni, na sehemu ya deni hilo naweza kuilipa katika kurasa hizi tu.

Wale tuliosoma pamoja katika miaka ya 1990 mtakumbuka kwamba nilikuwa na mjomba wangu Kanyenye. Jumamosi za ruhusa, wenzangu walipokwenda sokoni kutafuta maandazi na karanga, mimi nilikwenda kwake. Alikuwa mstaafu wa reli. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne, na mbele palikuwa na mwembe uliokuwa mzee kuliko yeye. Sebuleni kulikuwa na gramafoni iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Ukishakula ugali na mlenda ukanawa mikono, ndipo alipofunua kile kitambaa, akapangusa santuri kwa upande wa kiganja, akaiweka. Mara nyingi ilikuwa Dada Asha ya Tabora Jazz, na mwimbaji alikuwa Shem Ibrahim Karenga.

"Sikiliza, mjomba," alikuwa akiniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Huyu alishuka katika treni ya Kigoma kama watu wengine. Lakini alishuka na sauti."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi bila kuyatia maanani. Baadaye sana, nilipokuwa nasoma historia Mlimani, ndipo nilipoyaelewa. Mji wetu umejengwa na watu walioshuka na kitu. Tabora ilikuwa kituo tangu zamani. Wafanyabiashara Waarabu walianzisha makazi ya Kazeh hapa Unyanyembe katikati ya karne ya 19, na Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, walikuta kituo kilichokwisha kuzoea wageni. Kutoka hapa njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, penye ziwa. Nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Na ile kubwa ilirudi mashariki, kupitia Ugogo, hadi Bagamoyo. Pembe zilishuka pwani, na nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Waliobeba walikuwa Wanyamwezi kwa sehemu kubwa. Mtu alijitwika frasila mbili hivi begani, akatembea nazo kwa miezi.

Ila wapagazi hawakubeba pembe na nguo peke yake. Walibeba pia lugha. Kiswahili kilifika bara na misafara kabla ya kufika na shule. Walibeba nyimbo vilevile, maana msafara usioimba ni msafara uliochoka. Wazungu waliosafiri nao waliandika habari za kuimba huko, wengine kwa kusifu na wengine kwa kulalamika kwamba hawakuweza kulala.

Reli ilipojengwa, ilifuata kwa jumla nyayo za misafara. Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928. Mpagazi akatua mzigo, na kazi yake ikachukuliwa na behewa. Tabora ikabaki vilevile mahali pa kubadilisha njia. Kijana wa Kigoma aliyetaka kwenda popote nchini alipita stesheni ya Tabora, na mara nyingi alikaa siku moja au mbili akingoja.

Huo ndio msingi wa habari yangu. Ukiitazama ramani ya muziki wa dansi wa zamani katika Tanzania Bara, utaona kwamba sehemu kubwa imelala juu ya reli hii. Morogoro ilitoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kisha Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tabora peke yake ilikuwa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima. Ya kwanza ni Kiko Kids ya Salum Zahoro, ambayo ilikuwa imekwisha kurekodi tangu wakati wa Uhuru. Ya pili ni Nyanyembe Jazz, iliyochukua jina la utawala wetu wa zamani. Ya tatu ni Tabora Jazz. Hata huko Dar es Salaam, Western Jazz iliyoanzishwa mwaka 1959 ilikuwa ya Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina la bendi lilitangaza alikotoka.

Muziki huo haukuzuka tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari, makarani na wafanyakazi walikuwa wameueneza mchezo wa beni, wenye ngoma kubwa, mavazi ya kijeshi na vyeo vyake. Baadaye zikaja santuri za Kuba, na watu wakapenda rumba. Kisha Kongo ikaichukua rumba ikaifanya yake, na redio za huko ng'ambo ya ziwa zikawa zinasikika vizuri upande wetu wa magharibi. Kijana wa Kigoma hakuhitaji kwenda mbali ili asikie gitaa la Kikongo. Alikuwa jirani nalo.

Shem Ibrahim Karenga alizaliwa mwaka 1950 huko Bangwe, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Alianza muziki akiwa bado kijana, katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz ya huko huko Kigoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapanda treni kuja Tabora, akajiunga na Tabora Jazz. Hapo ndipo jina lake lilipokua. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na mwimbaji, na wimbo wake wa Dada Asha ukaenda nchi nzima na kuvuka mipaka.

Kwa ajili ya vijana wa shule, yafaa nieleze kidogo jinsi bendi ya wakati ule ilivyokuwa. Kulikuwa na magitaa ya umeme yaliyogawana kazi. La solo liliongoza, la rhythm lilishikilia, na besi ilitembea chini yake. Kulikuwa na tumba, dramu na manyanga, na zile bendi zenye uwezo ziliongeza saksafoni au tarumbeta. Wimbo ulianza polepole ili watu wasikie hadithi, kisha ukabadilika, magitaa yakapamba moto, na watu wakaingia ukumbini kucheza. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mashabiki walijitambulisha kwa mtindo kama watu wa siku hizi wanavyojitambulisha kwa timu za mpira. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu, Western Jazz walikuwa na Saboso, na NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Tabora Jazz mtindo wao uliitwa Segere Matata. Mjomba wangu aliyatamka maneno hayo mawili kama mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza.

Vyombo havikuwa mali ya mwanamuziki. Vilikuwa mali ya chama, au ya mtu mmoja mwenye fedha, au ya shirika. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na koo lake, na alipoondoka aliondoka na hivyo tu. Ili wimbo usikike nchini, ilibidi bendi irekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya pekee kwa sisi wa Bara. Utepe ulibaki katika maktaba ya redio, na wimbo ukapigwa asubuhi na jioni hadi kila mtoto akaujua. Santuri nazo hazikutengenezwa hapa kwetu, kwani nchi haikuwa na kiwanda. Zilikatwa Nairobi. Hivyo mtu aliweza kuwa maarufu kuliko wakuu wa mikoa wote, na mfukoni asiwe na nauli.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa kuwa sisi watu wa ofisini hupenda kudhani kwamba sifa na riziki huenda pamoja. Kwa wanamuziki wa kizazi kile havikwenda pamoja. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini chombo cha kukusanya na kugawa mirabaha, yaani COSOTA, kilitokana na sheria ya mwaka 1999. Wakati huo Dada Asha ilikuwa imekwisha kupigwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Bendi za mikoani zilianza kuteseka mapema. Mashirika ya umma, vyama na majeshi yalikuwa na bendi zao Dar es Salaam, na bendi hizo zililipa mishahara. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na nyingine zikafuata. Kijana mwenye kipaji aliyekuwa Tabora au Morogoro au Kigoma akiishi kwa kiingilio cha mlangoni, akisikia kwamba mwenzake analipwa kila mwisho wa mwezi, afanye nini? Alikwenda stesheni. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake ule uhaba ambao wazazi wetu wanaukumbuka. Kama sabuni ilipatikana kwa foleni, nani angepewa fedha za kigeni za kununulia nyuzi za gitaa na vipaza sauti? Gitaa likiharibika Tabora, liliharibika moja kwa moja.

Karenga naye akaifuata reli hadi mwisho wake. Katika miaka ya 1980 alikuwa Dar es Salaam, katika bendi ya MK Beats. Baadaye alilifufua jina la Tabora Jazz huko huko Dar es Salaam, akaliongoza. Tazameni basi safari ya mtu huyu: Kigoma, Tabora, pwani. Ndiyo njia ile ile ya msafara, kituo kwa kituo. Na jambo moja hunigusa kila nikilifikiri. Alikaa Dar es Salaam miaka mingi kuliko aliyokaa Tabora. Alizaliwa Kigoma. Angeweza kuipa bendi yake jina lolote. Akachagua jina la mji wetu, akazunguka nalo kumbi za pwani wakati ambapo sisi wenyewe wa Tabora tulikuwa tumekwisha kulisahau.

Sasa nije kwenye deni langu.

Mwaka 2001 nilipochaguliwa kwenda Chuo Kikuu, mjomba alinisindikiza stesheni. Alinipa mkungu wa ndizi, chupa ya asali ya Sikonge, na salamu. Alisema, "Ukifika Dar, mtafute Shem Karenga. Si vigumu, mtu wa muziki hajifichi. Mwambie Kanyenye kuna mzee alikuwa akicheza Segere Matata, na bado anaisikiliza. Basi, hilo tu."

Nilikubali. Ndizi zilikwisha kabla ya Dodoma, asali ilikwisha muhula wa kwanza, na salamu zikabaki. Mara ya kwanza nilikuwa mgeni wa jiji. Mara ya pili nilikuwa na mitihani. Nilipoajiriwa serikalini nikawa na semina, na safari, na foleni za magari. Mara mbili niliona tangazo la Tabora Jazz, nikasema wiki ijayo. Kila nilipokwenda likizo mjomba aliniuliza, "Umemwona?" nami nikajibu bado. Likizo moja aliniuliza mbele ya watu, na mimi nikaona haya. Nikasema, "Nimemwona, mjomba. Anakusalimu sana."

Mzee alifurahi kiasi ambacho sikukitarajia. Alifunua gramafoni siku ya kazi, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akawaambia majirani. Akaniuliza kama Shem amenenepa, kama nywele zimekuwa nyeupe, kama alipotajiwa Kanyenye alicheka. Nikajibu yote hayo kwa uongo, nikiwa mtu mzima, mtumishi wa umma, mwenye shahada.

Nilijiambia kwamba nitakwenda kumwona kweli, na uongo utageuka ukweli uliotangulia wakati wake. Desemba 2014, nikiwa mezani kwangu ofisini, redio ya mwenzangu ikatangaza kwamba Shem Ibrahim Karenga amefariki dunia. Halafu wakapiga Dada Asha. Yule mwenzangu, kijana mdogo, alitingisha kichwa kwa kufuata mdundo akasema, "Kumbe ndiye aliyeuimba huu? Wimbo huu nimeucheza katika kila harusi." Sikuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa hajui, na mimi nilikuwa najua. Kati yetu, mwenye kosa ni mimi.

Krismasi ya mwaka ule nilikwenda Kanyenye, nikamwambia mjomba kweli yote. Alikaa kimya muda mrefu chini ya mwembe. Kisha akasema, "Babu yako alikuwa mpagazi, mjomba. Alifika pwani mara tatu. Ulikuwa mzigo mwepesi kuliko yote aliyobeba." Hakuongeza neno, wala hakunikasirikia. Jioni alinikaribisha chakula kama kawaida. Ila gramafoni hakuifunua, na sikuthubutu kumwomba. Yeye mwenyewe alitutoka miaka michache baadaye.

Sielezi haya ili mnihurumie. Nayaeleza kwa kuwa nadhani kosa langu ni la wengi wetu tuliosoma hapa. Tumefundishwa kuiheshimu historia iliyoandikwa. Tunajua mwaka ambao Burton aliingia Kazeh, na tumekwenda Kwihara kulitazama tembe alimokaa Livingstone. Ni vizuri, na wala sisemi tuache. Lakini Burton aliandika habari zake mwenyewe, na Livingstone na Stanley vilevile, kwa hiyo hawatupotei. Wapagazi waliowabebea vitabu na dawa hawakuandika, na leo majina yao mengi hatunayo. Wanamuziki wetu nao hawakuandika. Waliimba, na sauti zao zimebaki katika tepe ambazo TBC imezirithi, na katika santuri zilizokwaruzika majumbani mwa watu. Mwimbaji jina lake huenda likabaki. Lakini aliyepiga besi katika Dada Asha, aliyepiga tumba, aliyeshona sare, aliyekaa mlangoni kukata tiketi, hao wanajulikana na wazee wachache tu, na wazee hao kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo nina ombi, na ndiyo njia yangu ya kufikisha salamu kwa kuchelewa. Kwanza kwa vijana mlioko shuleni sasa. Nyinyi mna simu zinazorekodi sauti, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Jumamosi ya ruhusa, wawili wawili, nendeni Kanyenye, Ng'ambo, Isevya, Gongoni na Cheyo. Pigeni hodi kwa heshima, amkieni shikamoo, semeni shule mnayotoka, kisha waulizeni wazee jambo moja tu: bendi za Tabora zilipigwa na nani na nani? Andikeni majina, vyombo walivyopiga na miaka. Msisahihishe Kiswahili chao. Mkiambiwa mambo mawili yanayopingana, andikeni yote mawili.

Pili kwa wenzangu wa zamani. Mwenye santuri au picha ya Kiko Kids, Nyanyembe Jazz au Tabora Jazz, asiitupe pale anapohama nyumba. Mimi ninayo gramafoni ya mjomba, niliyoachiwa na watoto wake, pamoja na santuri kumi na moja. Nimezungumza na uongozi wa chama chetu, na siku ya mkutano nitavikabidhi vyote kwa maktaba ya shule, pamoja na daftari tupu la kuandikia majina yatakayoletwa na vijana. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika. Una majina mawili, la Shem Ibrahim Karenga na la mjomba wangu, na mbele ya jina la mjomba nimeandika kazi yake: msikilizaji, Kanyenye.

Ombi la mwisho ni kwa kila mmoja wetu. Ikiwa kuna mzee uliyeagizwa umsalimie, na bado yu hai, usingoje likizo. Nenda Jumamosi hii.